Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mtunga Sheria wa Beti na wa Nchi

1.0 Utangulizi

Jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi linajulikana na makundi mawili ya wasomi ambayo aghalabu hayasomani. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili humkuta katika juma la kwanza la somo la ushairi, kwa sababu ya kitabu chake kimoja, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Wanafunzi wa historia ya siasa humkuta katika orodha ya viongozi wa mwanzo wa Tanganyika huru: Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mbunge, Waziri wa Sheria, na hatimaye waziri aliyeshughulikia utamaduni wa taifa. Kundi la kwanza humsoma kana kwamba hakuwa na kazi nyingine ila kuhesabu mizani. Kundi la pili huutaja ushairi wake kwa kifungu kimoja, kama pambo la wasifu wa mwanasiasa.

Makala haya yananuia kuzisoma pande hizo mbili pamoja. Hoja yetu ni kwamba katika maisha yake mafupi ya miaka arobaini, Amri Abedi alishughulikia suala moja katika nyanja mbili: nani ana haki ya kuijua sheria, na kwa lugha gani. Alipoandika kanuni za ushairi, aliwafungulia watu wa bara mlango wa sanaa ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa mali ya watu wa pwani. Alipopewa dhamana ya sheria za nchi, alikuta nyumba nyingine ambayo mlango wake ulifungwa kwa lugha ya Kiingereza. Tutaonyesha pia kwamba mlango unaofunguliwa na mtu mmoja waweza kugeuzwa kizuizi na warithi wake, na kwamba jambo hilo limetokea katika ushairi kama lilivyotokea katika sheria.

2.0 Ujiji, Tabora na Posta

Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mahali hapo si jambo dogo katika wasifu wa mshairi. Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Katika karne ya kumi na tisa mji ulikusanya watu wa asili nyingi: Waha wenyeji, Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, Wanyamwezi, Waswahili wa pwani na Waarabu. Kiswahili kilikuwa lugha ya mji huo muda mrefu kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji alikua akikisikia Kiswahili sokoni, msikitini na nyumbani, ingawa kati yake na Lamu, Mombasa au Pemba kulikuwa na mwendo wa mamia ya maili.

Umbali huo ndio kiini cha jambo. Mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yalikuzwa kwenye miji ya pwani na visiwa vyake. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 1840, hakuhitaji kitabu cha kumfundisha vina. Alivikuta katika ngoma, katika majibizano ya malenga na katika masikio ya wasikilizaji waliojua kosa likitokea. Kijana wa Ujiji, Songea au Bukoba alikipata Kiswahili, lakini hakuyapata masikio hayo bila taabu. Alichokuwa nacho ni gazeti. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji kutoka pande zote za nchi, na kurasa zake zikawa baraza ambalo mtu wa bara aliweza kuingia bila kuulizwa ukoo wake.

Amri Abedi alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, kisha akapata mafunzo ya kazi za posta mjini Dar es Salaam na kuajiriwa katika idara hiyo. Kwa Mwafrika wa wakati ule, ukarani wa posta ulikuwa kazi ya heshima na ya mshahara wa uhakika. Aliiacha kwa sababu ya dini.

3.0 Mhubiri na mtafsiri

Mwaka 1934 Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya kutoka Bara Hindi, alifika Afrika ya Mashariki, na Tabora ikawa mojawapo ya vituo vikubwa vya kazi yake. Ni kwake kijana Amri alipojifunza, na baadaye akawa mhubiri wa jumuiya hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Waislamu wengi wa Tanganyika walikuwa Wasunni wa madhehebu ya Shafii, na masheikh wao walizipinga vikali imani za Ahmadiyya kuhusu mwanzilishi wao, Mirza Ghulam Ahmad. Kujiunga na jumuiya hiyo kulimaanisha kukubali maisha ya mabishano, na pengine ya kutengwa na jamaa na majirani.

Kwa upande wa lugha, uamuzi huo ulimpeleka katika karakana isiyokuwa na mfano wake wakati ule. Ahmadiyya walitegemea maandishi. Walikuwa na gazeti la Kiswahili, Mapenzi ya Mungu, tangu miaka ya 1930, na walikuwa wakiifanyia kazi tafsiri kamili ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili, iliyotoka Nairobi mwaka 1953 kwa jina la Sheikh Mubarak Ahmad. Amri Abedi alikuwa miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo. Masheikh wa Kisunni hawakuikubali, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitoa tafsiri yake mwenyewe, iliyokamilika mwaka 1969, ambamo aliyajibu mengi ya Ahmadiyya. Hatuna haja hapa ya kuingia katika mabishano ya kidini. Lililo muhimu kwetu ni lile lililotangulia mabishano yenyewe: kwamba kitabu kitukufu kiliwekwa mbele ya msomaji wa Kiswahili, akaweza kukisoma, na hata kubishana juu yake, kwa lugha aliyoielewa.

Mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo hujifunza mambo mawili. Kwanza, kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maana nzito ikiwa mtafsiri ana subira ya kutafuta neno. Pili, kwamba kila neno linalochaguliwa litaulizwa, na mtafsiri hana budi kuwa na sababu ya uchaguzi wake. Tutaona kwamba mafunzo hayo yalimfaa baadaye, mahali ambapo pengine hakutarajia.

Kati ya mwaka 1954 na 1956 alikuwa Rabwah, Pakistan, makao makuu ya jumuiya yake wakati huo, akisoma elimu ya dini. Kwa hiyo mwaka ambao TANU iliundwa, na ambao kitabu chake cha ushairi kilitoka, ndio mwaka aliokwenda ng'ambo.

4.0 Sheria za beti

Kitabu cha mwaka 1954 kina sehemu mbili, kama jina lake linavyoonyesha. Ya kwanza inaeleza kanuni za utungaji, na ya pili ni diwani ya mashairi yake. Katika sehemu ya kwanza, mwandishi anafafanua vina, mizani, mgawanyo wa mishororo, kituo na lugha ya washairi. Anashikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba utungo usioimbika umekosa sifa yake ya msingi. Hiki ni miongoni mwa vitabu vya kwanza, kama si cha kwanza, ambamo Mwafrika alieleza kanuni hizo kwa utaratibu, kwa Kiswahili, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili. Kabla yake, maelezo mengi ya aina hiyo yaliandikwa na wamisionari na maofisa wa Kizungu kwa ajili ya wenzao.

Ni vizuri kuuliza kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya nani. Malenga wa Mvita au wa Pemba hakukihitaji. Zile mizani kumi na sita za mshororo wa tarbia, nane katika kila kipande, zilikuwa tayari sikioni mwake. Aliyekihitaji ni yule mwalimu wa shule ya kati, karani au askari wa bara aliyetaka kutunga, akapeleka shairi lake gazetini na kulikosa katika toleo lililofuata bila kujua sababu. Kwake yeye, kanuni iliyoandikwa ilikuwa msaada mkubwa. Desturi isiyoandikwa humfaa aliyezaliwa ndani yake, ilhali kanuni iliyoandikwa humfaa hata mgeni. Amri Abedi, mtu wa Ujiji, alilijua hilo kwa maisha yake mwenyewe.

Kwa mtazamo huu, neno sheria katika jina la kitabu lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mwandishi angeweza kusema kanuni, adabu au mwongozo. Alichagua neno la mahakama na la dini, neno lenye amri ndani yake. Aliyatazama mazoea ya washairi waliotangulia, akayapa maneno na mpangilio, kisha akayatangaza kuwa sheria. Hiyo ni kazi ya mtunga sheria, ingawa wakati huo hakuwa na kiti katika baraza lolote.

Zao la kazi hiyo lilionekana haraka. Washairi wa bara kama Mathias Mnyampala wa Ugogo na Saadani Kandoro, aliyekuwa pia miongoni mwa waasisi wa TANU, walitunga kwa kufuata kanuni hizohizo, na ushairi wa arudhi ukawa sauti ya siasa za kudai uhuru katika mikutano na magazeti. Chama cha washairi kilichojulikana kwa jina la UKUTA kilizilinda kanuni hizo kwa bidii.

5.0 Kutoka barazani hadi Bungeni

Ili kuelewa uzito wa hatua yake ya kisiasa, hatuna budi kukumbuka Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikuwa chombo cha namna gani. Lilianzishwa mwaka 1926, na kwa karibu miaka ishirini halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza waliteuliwa mwaka 1945, nao walikuwa machifu: Kidaha Makwaia wa Usukuma na Abdiel Shangali wa Uchaga. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulikuwa na masharti mazito. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa, kisha amchague mgombea mmoja kutoka kila mojawapo ya jamii tatu: Waafrika, Waasia na Wazungu. Mazungumzo ya Baraza yalikuwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida alizuiwa mara mbili: kwanza kwa sanduku la kura, kisha kwa lugha.

Aliporejea kutoka Pakistan, Amri Abedi aliunganisha kazi ya dini na ile ya TANU. Mwaka 1960 madiwani wa Dar es Salaam walimchagua kuwa Meya, Mwafrika wa kwanza kukishika kiti hicho tangu mji upate hadhi ya manispaa mwaka 1949. Mwaka huohuo TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Tukio la umeya linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko kuorodheshwa tu. Dar es Salaam ulikuwa, na ungali, mji wenye Waislamu wengi wa Kisunni. Kwamba mhubiri wa Ahmadiyya aliweza kuwa kiongozi wa mji huo huonyesha jinsi harakati za uhuru zilivyoweza kuzipunguza nguvu tofauti za madhehebu. Huonyesha pia kwamba umahiri wake wa Kiswahili ulikuwa sifa ambayo hata mpinzani wake wa kidini hakuweza kuikana.

Kutoka umeya aliingia katika siasa za taifa na kukaa Bungeni. Bunge lenyewe lilikuwa likibadilika. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia kwa Kiswahili. Tangu hapo wabunge waliweza kujadili mambo ya nchi kwa lugha ya wapiga kura wao. Lakini miswada yenyewe, yaani matini yatakayokuwa sheria, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mjadala uliingia katika lugha ya watu, sheria ikabaki nje.

6.0 Waziri wa Sheria

Mwaka 1963 Amri Abedi aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria, nafasi iliyokuwa imeshikwa na Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe. Badiliko hilo la watu lina maana yake. Fundikira alikuwa msomi wa Makerere na mtawala wa jadi, na mwaka huohuo mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria nchini. Aliyemfuata hakuwa chifu wala mwanasheria wa mafunzo. Alikuwa karani wa zamani wa posta, mhubiri na mshairi.

Wizara aliyoikuta ilikuwa na kazi tatu kubwa, na kila moja iligusa suala la lugha na kanuni.

Ya kwanza ilikuwa kuunganisha mahakama. Wakoloni waliacha mifumo miwili: mahakama za wenyeji, zilizokuwa chini ya utawala wa wilaya na machifu, na mahakama za serikali zilizoishia Mahakama Kuu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, iliviondoa vyombo hivyo viwili na kuweka ngazi moja, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama ya Wilaya na kuendelea juu. Katika Mahakama ya Mwanzo shauri liliendeshwa kwa Kiswahili. Kadiri shauri lilivyopanda ngazi, ndivyo Kiingereza kilivyotawala, na katika Mahakama Kuu hukumu iliandikwa kwa lugha ambayo mara nyingi si mdai wala mdaiwa aliyeielewa. Mtu aliyeshinda kesi yake wilayani aliweza kuipoteza juu kwa hoja asizoweza kuzisoma.

Ya pili ilikuwa sheria za mila. Mradi wa kuzikusanya na kuzioanisha sheria za makabila, ambao Hans Cory alikuwa ameufanyia kazi hadi kifo chake mwaka 1962, ulizaa matangazo rasmi ya mwaka 1963 kuhusu hali ya watu, ulinzi wa watoto na urithi. Hapa msomaji wa kitabu cha 1954 hawezi kukosa kuuona ufanano. Mazoea yaliyokuwa yakiishi midomoni mwa wazee yaliandikwa kwa vifungu, yakapewa nguvu ya sheria. Faida yake ilikuwa uwazi, kwa maana mtu wa kabila moja aliweza kuijua kanuni itakayomhukumu katika wilaya ya kabila jingine. Hasara yake ilidhihirika baadaye. Mila iliyo hai hubadilika kadiri watu wanavyobadilika, lakini kifungu hakibadiliki mpaka kibadilishwe. Kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zilimweka mwanamke chini ya mwanamume katika mgawanyo wa mali, na zimelalamikiwa mahakamani na katika vyombo vya kimataifa vya haki za binadamu zaidi ya nusu karne baadaye.

Ya tatu ilikuwa istilahi. Haikuwezekana kuzungumzia sheria kwa Kiswahili bila maneno yake. Lipi litumike kwa ajili ya dhamana, rufani, kiapo, usia, madai na jinai? Mengine yalikuwapo tayari, kwa kuwa Waislamu wa pwani walikuwa wakihukumiwa na makadhi kwa karne nyingi, na Kiarabu kilikuwa kimeacha hazina ya maneno ya sheria katika Kiswahili. Mengine ilibidi yatafutwe. Wizara ilikuwa na msaada wa jirani, kwa sababu Kitivo cha Sheria kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, cha kwanza katika Afrika ya Mashariki. Juhudi za kukusanya istilahi zilizoanza katika miaka hiyo ziliendelezwa na A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, aliyetoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili mwaka 1968. Waziri aliyewahi kutafuta maneno ya Kurani na maneno ya arudhi alifaa kwa kazi ya namna hiyo kuliko mwanasheria yeyote aliyesomea London peke yake.

Haitakuwa haki kuishia kwenye mambo yanayopendeza. Serikali aliyoitumikia ilipitisha Sheria ya Kuweka Wafungwa Kizuizini mwaka 1962, iliyomruhusu Rais kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani, na Sheria ya Adhabu za Chini Kabisa mwaka 1963, iliyoamuru kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24 kwa makosa kama rushwa na wizi wa mali ya umma. Hakimu alinyang'anywa hiari ya kumhurumia mkosaji. Ya kwanza aliikuta, na ya pili ilipitishwa katika mwaka aliopewa wizara. Kama waziri, Amri Abedi anabeba sehemu ya wajibu huo. Mtu aliyeamini kwamba utungo bila kanuni si utungo huenda hakushtushwa sana na sheria isiyoacha nafasi ya hiari.

7.0 Utamaduni, na mwisho wa ghafla

Mwaka 1963 ulitoa pia tukio dogo la kifasihi ambalo halikosi mvuto kwa mada yetu. Rais Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, kwa mishororo isiyokuwa na vina. Mkuu wa nchi alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba ushairi ulio nje ya sheria zilizoandikwa na waziri wake mwenyewe. Mzozo wa ushairi uliokuja kuwagawa wasomi miaka kumi baadaye ulikuwa na mbegu yake mezani pa Baraza la Mawaziri.

Mwaka 1964 ulikuwa mzito. Januari kulitokea Mapinduzi ya Zanzibar na maasi ya askari wa Tanganyika, na Aprili nchi mbili zikaungana. Katika mabadiliko ya mwaka huo Amri Abedi alihamishiwa wizara ya Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa. Mwaka huohuo Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikirithi kazi za ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Ilionekana kana kwamba mambo yote aliyoyafanyia kazi yalikuwa yakikutana mahali pamoja: taifa, lugha, utamaduni na chombo cha utafiti.

Hakupata nafasi ya kuyaona yakikua. Oktoba 1964 alifariki mjini Bonn, Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka arobaini. Uwanja wa michezo wa Arusha uliitwa kwa jina lake, na hivyo maelfu ya watu hulitaja jina hilo kila mwaka bila kuufikiria ushairi wala uwaziri.

8.0 Mlango na kizuizi

Baada ya kifo chake, kitabu cha 1954 kilipewa kazi ambayo hatuwezi kusema kwa yakini kwamba mwandishi wake angeikubali. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, watetezi wa arudhi walikishika kitabu hicho kama hakimu ashikavyo kanuni ya adhabu. Swali likawa kama mashairi yasiyo na vina na mizani ni ushairi au siyo. Wanamabadiliko walijibu kwamba vina na mizani ni desturi ya mahali na wakati, na kwamba ushairi una viini vingine. Wanamapokeo walijibu kwamba nyumba isiyo na nguzo si nyumba.

Kinachosahaulika katika mzozo huo ni kwamba wanamabadiliko wengi walikuwa watu wa bara. Kezilahabi alitoka Ukerewe, na Mulokozi alitoka Kagera. Walikuwa wajukuu wa mlango uleule ambao mtu wa Ujiji aliufungua. Kanuni iliyowaingiza babu zao katika sanaa ndiyo iliyotumiwa kuwazuia wao. Tukimlaumu Amri Abedi kwa kuufunga ushairi, tunalisahau swali alilolijibu, kwani katika mwaka 1954 hatari haikuwa wingi wa kanuni, bali uchache wa watu waliozijua. Tukimtukuza kama mwisho wa maneno, tunaigeuza kazi ya ufunguzi kuwa kufuli.

Upande wa sheria za nchi ulikwenda polepole zaidi. Mwaka 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Hata hivyo miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na Mahakama Kuu iliendelea kuandika hukumu kwa Kiingereza. Hoja iliyotolewa kila mara ilikuwa upungufu wa istilahi, ilhali kazi ya istilahi ilikuwa imeanza mapema miaka ya 1960. Ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Kati ya uteuzi wa Amri Abedi kuwa Waziri wa Sheria na marekebisho hayo ilipita miaka 58. Katika muda huo vizazi viwili vya wananchi vilihukumiwa kwa matini ambayo wengi wao hawakuweza kuyasoma.

9.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mshairi na waziri huyu walikuwa mtu mmoja mwenye kazi moja. Katika tafsiri, katika arudhi na katika uwaziri, Amri Abedi alichukua jambo lililokuwa mikononi mwa wachache, akalipa maneno ya Kiswahili, akaliweka mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kulifikia. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi yake, na hapo pia ndipo ulipo udhaifu wake, kwa kuwa kilichoandikwa huweza kugandishwa na wale wanaokipokea.

Kwa mtafiti wa leo, wasifu huu unapendekeza njia mbili za uchunguzi. Ya kwanza ni kukisoma upya kitabu cha 1954 kama hati ya kisiasa, kwa kuuliza kilimwezesha nani kutunga, badala ya kuuliza tu kilimkataza nani. Ya pili ni kuzichunguza tafsiri za sheria zinazotolewa baada ya mwaka 2021 kwa kipimo ambacho mshairi wa Ujiji aliupimia ushairi. Yeye alitaka shairi liimbike, yaani lifike katika kinywa cha msikilizaji. Sheria nayo ina kipimo kinachofanana na hicho: kwamba yule inayemhusu aweze kuisoma, kuieleza kwa jirani yake, na kuisimamia mbele ya hakimu kwa maneno yake mwenyewe.